Kamba Wamekufa, Samaki Wazima

"Kamba wangu wote wamekufa," alisema Daktari Moiz, akakunjua kitambaa cheupe kumwonesha Inspekta Shemsa. Ndani yake walilala kamba wadogo wa baharini, wenye mistari myekundu mgongoni, wamejikunja, ndevu zao ndefu zimegandana. "Kamba, konokono, kaa, wote. Yule mwanamke kanitilia sumu kwenye maji kabla hamjamchukua."

Shemsa aliwatazama kamba, kisha akalitazama tangi. Lilichukua ukuta mzima wa sebule, huko juu ghorofani, katika nyumba ya mtaa wa Malindi yenye ngazi za kumaliza magoti. Maji ya bahari yaliyokuwamo yaling'aa kuliko maji wanayokunywa watu wengi wa mji huu. Samaki wa rangi ya chungwa, wa manjano na wa buluu walikuwa wakizunguka majabali kwa raha zao, na hakuna hata mmoja aliyelala ubavu.

"Na hawa samaki mbona wazima?"

"Sumu ya polepole, Inspekta. Itawafikia tu."

"Bi Amne yuko mahabusu tangu jana mchana. Kamba wako uliwaona lini wazima kwa mara ya mwisho?"

"Jana magharibi walikula vizuri. Leo asubuhi..." Daktari alikikunja kitambaa chake taratibu.

Nyuma yao Koplo Mabrouk alipiga mwayo. Kwake yeye kesi hii ilikwisha jana, na kuletwa tena kuwatazama kamba waliokufa siku ya Jumamosi aliona ni kuonewa. Lakini Shemsa alikuwa na tabia moja iliyowachosha hata wakubwa zake: akiambiwa kesi imekwisha, yeye ndiyo kwanza huvuta kiti.

Na kesi hii hakuipenda hata kidogo. Jumanne, Bi Masuma, dada yake Daktari, alishuka boti ya kutoka Dar es Salaam kuja kuchukua amana yake. Ilikuwa seti ya bangili za dhahabu za marehemu mama yao, alizomwachia wifi yake Bi Bilkis, mkewe Daktari, amtunzie sandukuni. Binti wa Masuma anaolewa mwezi huu. Sanduku likafunguliwa, mfuko ukakutwa mtupu. Masuma si mtu wa kusubiri chai ipoe. Alipiga simu polisi palepale. Mabrouk akafika, akafunga mlango wa nje, akapekua nyumba nzima mpaka pipa la unga, akaagiza kila aliyekuwamo apekuliwe, asipate hata pete. Ila Bi Bilkis alisema kwamba asubuhi ile alimpa ufunguo wa sanduku Amne, mtumishi wao wa miaka mingi, akatoe mashuka. Alhamisi, Mabrouk akaambiwa Amne kaonekana dukani kwa sonara. Basi, ikawa imetosha. Jana Ijumaa, watu wanatoka msikitini, kichochoro kimejaa, Amne akashushwa ngazi na pingu mikononi. Keshokutwa, Jumatatu, angepandishwa mahakamani.

Kwa sonara alikwenda kuunga hereni ya binti yake. Sonara mwenyewe alimthibitishia Shemsa leo asubuhi, na hereni akamwonesha. Lakini neno "mwizi" lilishatoka kichochoroni, na neno hilo likishatoka halirudi kwa kuitwa.

Kabla ya kuja hapa Shemsa alipita mahabusu. Amne alikuwa amekaa sakafuni, mtu mzima wa umri wa mama yake, mtandio umefungwa vizuri utadhani anangoja wageni.

"Shikamoo, Bi Amne."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekula?"

"Nshakula." Sahani ya wali ilikuwa pale pembeni, haijaguswa. "Mwanangu, mie sikuombi unitoe. Kutoka ntatoka tu, Mungu yupo. Nnakuomba jina langu. Nimetolewa mchana kweupe, Malindi nzima inaniona. Leo mkinitoa kwa mlango wa nyuma kiza kimeingia, mtakuwa hamjanitoa. Mtakuwa mmenificha."

"Kuna lolote unalolijua kuhusu hizo bangili?"

"Silijui. Ufunguo sijapewa. Bi Bilkis kasema kanipa, nami sijui kwa nini kasema. Miaka yote nimekaa naye, sijapata kumsikia akisema uongo." Amne aliitazama miguu yake. "Hata ndara zangu nimeziwacha kule mlangoni. Nimekuja hapa miguu mitupu."

Shemsa alipofika kwenye nyumba, ndara zile aliziona: za plastiki, za kijani, zimepangwa ubavuni mwa mlango wa nje kama alivyoziacha mwenyewe. Watu wa nyumba walizipita jana na leo, hakuna aliyezigusa. Jambo dogo, lakini lilimpandisha Shemsa zile ngazi kwa hasira.

"Daktari," alisema sasa, "nieleze maji haya. Mimi najua kuyaoga tu."

Moiz alikuwa daktari wa meno mstaafu, na kama madaktari wengi wa meno alizoea kuzungumza na watu wasioweza kumjibu. Alieleza kwa furaha. Samaki hula, hunya, na uchafu wao hugeuka sumu isiyoonekana. Kwa hiyo maji lazima yazunguke na kuchujwa mchana na usiku. Maji hushuka kwa bomba hadi kwenye kabati la chini ya tangi, hupita kwenye soksi ya kuzuia takataka, kisha kwenye mashine inayopiga povu na kutoa uchafu, kisha kwenye mfuko wa makaa maalumu yanayofyonza rangi, harufu na hata sumu. Mwisho pampu huyarudisha juu. Alifungua sanduku lake la vipimo na kupanga vichupa kwenye meza. Alichota maji ya tangi, akatia matone, akatikisa, akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Uchafu wa samaki, hakuna. Akapima chumvi, ikawa sawasawa. Akapima kingine na kingine.

"Maji mazima," alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu. "Mazima kabisa! Na kamba wamekufa."

"Na maji haya yanatoka wapi?"

"Ya chumvi nayafuata mwenyewe pwani, mbele ya Mtoni, kwa madumu. Ya hapa bandarini yana mafuta ya meli. Sasa, tangi likikaa, maji hupungua kwa joto, lakini chumvi haipungui. Kwa hiyo kila siku unaongeza kidogo maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyochujwa. Hayo huyaleta Amne, anayajaza kwenye ile ndoo."

"Amne alikuwa haleti yaliyochujwa."

Aliyesema ni Bi Bilkis. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, amevaa rida ya rangi ya waridi, vazi la kujisitiri linaloanzia kichwani. Nyingine isiyokwisha kushonwa ilikuwa mkononi mwake, sindano imechomekwa kwenye kitambaa na uzi wa hariri wa zambarau ukining'inia. Rida zake zilijulikana kwa wanawake wa jamaa yao wote. Hakuna aliyetarizi kama yeye.

"Unasemaje?" aliuliza Daktari.

"Alikuwa akikinga maji ya kiyoyozi. Yale yanayodondoka kwenye bomba la nje. Nimemwona, mara nyingi. Sikukwambia kwa sababu sikutaka ugomvi."

Daktari aliruka kama aliyechomwa. "Ya kiyoyozi! Bilkis! Kiyoyozi ndani yake kimejaa mabomba ya shaba!"

"Na shaba ina nini?" aliuliza Shemsa.

"Shaba ndiyo sumu ya kamba, Inspekta. Ndiyo hiyo hiyo! Samaki huivumilia, hata dawa yao moja hutengenezwa kwa shaba. Lakini kamba, konokono, kaa, hawa hawaiwezi hata chembe. Vipi sikufikiri? Nimefikiri sumu, sumu, nimesahau shaba."

"Unacho kipimo chake?"

"Ninacho. Mwaka juzi nilimtibu samaki mmoja, kwenye beseni lake pembeni."

Mabrouk alijinyoosha. "Basi si ndiyo hiyo, afande? Mama kaiba, na kamba kaua. Mambo mawili kwa mkono mmoja."

"Ngoja," alisema Shemsa. "Daktari, pima."

Kichupa cha maji ya tangi kilipotiwa matone kiligeuka buluu, polepole, mpaka hata Mabrouk akakiona kutoka alipokuwa. Daktari alikishika kwa mikono miwili. Shaba ilikuwamo, na haikuwa kidogo.

"Sasa pima ile ndoo ya Bi Amne."

Ndoo ilikuwa bado na maji, haijaguswa tangu jana. Daktari alichota, akatia matone, akatikisa. Wakangoja. Maji yalibaki meupe. Akarudia kwa kichupa kingine, akidhani kakosea, na mara ya pili yakabaki meupe vilevile.

"Ya madumu ya Mtoni?"

Nayo meupe.

Shemsa aligeukia mlango kumtazama Bi Bilkis, lakini mlango ulikuwa mtupu. Alisikia tu nyayo zake zikienda jikoni.

"Koplo, vua saa yako, kunja mikono ya shati," alisema. "Kama shaba haikuingia na maji, basi imo ndani ya maji."

"Haiwezekani!" alisema Daktari. "Kila kitu humu ni plastiki. Hata skrubu. Mimi nimelijenga tangi hili kwa mkono wangu."

"Sisemi umeiweka wewe."

Walianza juu. Mabrouk aliingiza mkono mpaka begani, huku samaki mmoja wa manjano akimfukuza kwa hasira na kumdona kidole. Daktari akawa anamwelekeza: inua jabali lile, pole pole, rudisha, sasa papasa mchanga. Hapakuwa na kitu, isipokuwa konokono mwingine aliyekufa. Shati la Mabrouk lililowa mpaka kifuani, na Shemsa, Mungu amsamehe, alilifurahia hilo kidogo.

Kisha wakafungua kabati la chini. Chumvi ilikuwa imeganda pembeni kama unga. Soksi ilitolewa, ikageuzwa ndani nje, hamna kitu ila takataka. Mashine ya povu ikafunguliwa, ikanuka, ikafungwa. Ukabaki mfuko wa makaa, umelala kwenye kichumba chake, maji yakipita juu yake.

"Huo huubadilisha lini?"

"Mwanzo wa kila mwezi. Katikati hapa hauguswi. Mifuko nina akiba, ile pale." Daktari alionesha mifuko miwili ya wavu iliyoning'inia kwenye msumari, imejazwa makaa meusi tayari, midomo yake imefungwa kwa uzi wa mshipi, fundo gumu la mvuvi.

Shemsa aliunyanyua mfuko uliokuwa majini. Ulikuwa mzito kuliko makaa yanavyostahili. Aliuweka kwenye beseni, akaukagua mdomo wake kwa muda, kisha akaupasua kwa mkasi ubavuni, mbali na mdomo. Makaa yalimwagika, na ndani ya makaa zikatoka bangili.

"Alhamdulillahi!" Mabrouk alipiga makofi, maji yakaruka. "Nilisema au sikusema? Kazificha humu azitoe siku yake!"

"Bilkis!" Daktari aliita kwa sauti iliyopasuka. "Bilkis, njoo! Za mama zimepatikana!"

Bi Bilkis alikuja. Hakupiga kelele, hakukimbilia beseni. Alizitazama bangili kwa mbali, akakaa kwenye kiti cha karibu kabisa.

"Basi," alisema. "Yameisha. Inspekta, mwacheni Amne aende zake. Tumemsamehe."

"Mmemsamehe nani?"

"Amne. Binadamu hukosea. Na Masuma msimwite hapa, nitampelekea mwenyewe huko alikofikia. Kwa nini kukuza mambo?"

Shemsa alivuta kiti, akakaa mbele yake. Alikwisha kuona watu wengi wakipatiwa mali yao iliyopotea. Wengine hulia, wengine hucheka, na wapo wanaohesabu mara tatu wakidhani polisi kachukua moja. Hakupata kuona mtunza amana ambaye amana imerudi, halafu akataka mwenye mali asiitwe.

Aliokota bangili moja, akaifuta kwa kitambaa cha Daktari, kilekile cha kamba. Upande wa nje iling'aa kwa manjano mazuri. Upande wa ndani, unaosugua ngozi, ulikuwa na kutu ya kijani. Aliukwangua kwa ukucha, na rangi ya dhahabu ikabanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake kulikuwa na wekundu.

"Daktari, dhahabu ya mama yako iliwahi kushika kutu?"

Daktari Moiz aliichukua bangili, akaisogeza karibu na macho yake. Alikuwa amefanya kazi ya kutia watu meno ya dhahabu nusu ya umri wake. Hakuhitaji sonara.

"Hii ni ya kuchovya," alisema polepole. "Shaba, imechovywa." Akaokota nyingine, na nyingine. "Zote. Hizi si za mama."

"Hizi ndizo zilizowaua kamba wako. Dhahabu ya kweli ingekaa humo mpaka Kiyama, wasingedhurika. Na makaa nayo yamekuwa yakiifyonza shaba tangu Jumanne, ndiyo maana wamechelewa kufa."

"Kwa hiyo Amne kazibadilisha, akaiba," alisema Mabrouk, lakini sauti yake ilishapoteza nguvu.

"Fikiri, Koplo. Amne angezibadilisha, halisi angekuwa nazo yeye. Hizi za bandia angeziacha sandukuni zimlinde, zing'ae pale, kila mtu atulie. Za nini kuziiba? Anayeiba shaba ni yule ambaye shaba hiyo itamfedhehesha. Harusi imekaribia. Bangili zitapelekwa kwa sonara zisafishwe na zipimwe, kisha zioneshwe wanawake. Siku hiyo ingejulikana. Ilikuwa bora zipotee." Shemsa hakumtazama mtu. "Bi Masuma kafika mapema, simu ikapigwa, mlango ukafungwa, hapana pa kutokea. Zikafichwa mahali ambapo hapafunguliwi mpaka mwezi uishe. Daktari, wewe unajua shaba inaua kamba."

"Najua."

"Ungeziweka humu?"

"Mimi? Hasha! Ningezimeza kwanza."

"Lakini hukujua ni shaba. Aliyezificha alijua ni shaba, asijue kuwa shaba huua kamba. Na alijua mfuko huu hauguswi." Akamsogezea Daktari mabaki ya mfuko. "Hebu utazame mdomo wake. Wewe unafunga kwa mshipi. Huu umefungwaje?"

Daktari aliupokea. Mdomo wa mfuko haukuwa na fundo. Ulikuwa umeshonwa, mishono midogo iliyokaribiana, ya haraka lakini iliyonyooka, kwa uzi wa hariri wa zambarau. Maji ya chumvi hayakuufifisha. Shemsa angeweza kulisema yeye. Alimwachia mumewe.

"Bilkis," alisema mzee yule, "huu uzi wako."

Bi Bilkis aliikunja ile rida mapajani mwake, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kabisa.

"Nliziazimisha," alisema.

"Nini?"

"Nliziazimisha. Harusi ya watu wa Mombasa, waliofikia Kikwajuni. Mama yake bi harusi kanijia analia, mwanawe hana cha kutia mkononi, watu watasema. Mji huu nani asiyeazima vyombo vya harusi? Hata mimi mikono yangu ilikuwa na dhahabu ya jirani siku uliyonioa, Moiz. Nikampa. Ziliporudi nliziona nyepesi kidogo, nikajiambia mkono wangu tu. Jumatatu nazifuta Masuma asizikute na vumbi, kitambaa kikatoka kijani. Kumbe wamenibadilishia, na wale watu washaondoka. Ntamwambia nini Masuma?"

"Cha kwako huazimishwa," alisema Daktari. "Amana haiazimishwi, Bilkis."

"Najua."

"Na Bi Amne?" aliuliza Shemsa.

"Nilidhani watamuuliza tu, wamwache. Hakuwa na kitu, wangemkamata na nini?"

"Ufunguo ulimpa?"

Bi Bilkis alifunika uso. "Sikumpa. Umo shingoni mwangu, haujatoka."

"Na maji ya kiyoyozi?"

"Sijamwona akikinga."

Hapo Shemsa alikasirika, na hakujizuia. "Yuko sakafuni sasa hivi, hajala tangu jana, anakutetea. Kaniambia hajapata kusikia unasema uongo. Mara ya kwanza ulikuwa na hofu, nakubali. Leo je? Leo umemwongezea uongo mwingine kwa raha yako, umesimama pale mlangoni na sindano yako!"

Daktari aliweka mkono kwenye bega la mkewe, akauondoa, akaurudisha.

"Inspekta," alisema, "sheria ifuate njia yake, sikatai. Mke wangu atakuja kituoni, atasema yote, na majina ya hao watu atayataja. Lakini nakuomba moja. Amne mtoeni jioni, kiza kikishaingia. Tutakwenda kwake Mtoni, tumwombe radhi kwa kimya. Sisi watu wa heshima, tunajulikana hapa."

"Na Bi Amne ni mtu wa nini?"



Shemsa alisimama, akampigia simu afande Wakil, mkubwa wake wa upelelezi. Wakil aliuliza kama ana hakika, akauliza tena, kisha akasema kwa nini haraka hivyo, Jumamosi, si angoje wiki ianze. "Katolewa mchana, afande," alisema Shemsa. "Atarudi mchana. Wanaoswali pale ni walewale, na adhuhuri inakaribia." Upande wa pili wa simu Wakil alishusha pumzi ya mtu aliyekwisha kumzoea. Akamwambia sawa.

Watu walikuwa wanatoka msikitini, wanatafuta viatu vyao, wanasalimiana, Shemsa alipoingia kichochoroni na Amne pembeni yake. Hapakuwa na pingu. Amne alitembea katikati, kwa mwendo wa kawaida, miguu mitupu juu ya mawe ya moto. Maneno yalikatika kila walipopita. Mwuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Bi Masuma naye alikuwapo, kaitwa, amesimama kivulini mkabala na nyumba, mkoba kaubana kifuani.

Bi Bilkis alisimama kizingitini, mumewe nyuma yake. Alianza kwa sauti ndogo, na Shemsa akamwambia, "Hawasikii."

"Amne hakuiba," alisema Bi Bilkis. Safari hii kichochoro chote kilisikia. "Amne hakuiba kitu. Ufunguo sikumpa. Nimemsingizia. Aliyevunja amana ni mimi." Akamgeukia Amne, machozi yanamtoka bila kuyafuta. "Nisamehe. Karibu ndani, Amne. Karibu nyumbani."

Amne alimtazama mwanamke yule aliyemtumikia miaka yote, bila ya ukali.

"Kusamehe nshakusamehe," alisema. "Lakini sikuja kuingia, Bi Bilkis. Nimefuata ndara zangu."

Ndara zilikuwa palepale ubavuni mwa mlango. Kabla Amne hajainama, Koplo Mabrouk aliinama yeye, na shati lake bado bichi la maji ya chumvi. Aliziokota, akazipangusa vumbi kwa kiganja, akaziweka chini mbele ya miguu yake, pua zikielekea njia ya kutokea.

"Nilikutoa bila ya kukwambia uzivae," alisema. "Nisamehe, mama."

"Ahsante, mwanangu," alisema Amne.

Akazivaa moja moja, huku ameshika bega la Shemsa. Akatengeneza mtandio wake, akawasalimia waliokuwa barazani kwa majina yao, mmoja mmoja, nao wakamwitikia. Kisha akashika njia ya kwao Mtoni.